Bodi ya Kuumulia Mkate

Sabra wangu,

Masanduku yako yako chini ya ngazi. Baba'ko ameyafunga kamba ingawa yana zipu nzima, nami nimekatazwa kuyagusa, basi nimekaa. Alasiri imeshapita, wewe umetoka kwenda kuaga wenzio, yeye yuko jikoni anasaga mchele wake, na nyumba nzima inanuka iliki. Haya ninayoyaandika nilitaka kukwambia kwa mdomo, lakini wewe nikianza kusema kwa kirefu unatia vile vidude vyako masikioni. Barua huwezi kuizima. Na usiniandikie jibu la Kizungu la mstari mmoja, wallahi nitakuja Sheffield mwenyewe.

Sikufundishi kupika wali wala kufua. Utauunguza, utaula hivyo hivyo, wa pili utakuwa afadhali. Nataka kukuhadithia ile bodi yetu, kile kibao cha umeme. Najua, ulikuwepo, na kazi nyingine uliifanya wewe. Lakini mambo mengine yalikuwa yananipita moyoni nikayanyamazia, nawe kesho unakwenda kusomea kazi hiyo hiyo ya kuchora bodi. Nataka uondoke na hadithi nzima.

Yote yalianza na boila. Unalikumbuka kabati la juu lililokuwa na tangi la maji ya moto? Miaka yote baba'ko akitia humo sufuria lake la rojo la mkate, akalifunika kanga, akafunga mlango, na asubuhi akikuta limefura mpaka ukingoni. Kwetu Michenzani huhitaji kabati, hewa yenyewe inaumua. Hapa Hayes kwenye baridi, kabati lile ndilo lilikuwa Unguja yetu. Halafu mwenye nyumba, kwa wema wake kabisa, akaleta mafundi wakang'oa tangi wakatubandikia boila mpya ndogo ukutani. Maji ya moto tele! Tulimshukuru, tukampa na mkate. Hatukujua kuwa ule ndio mkate wa mwisho kufura sawasawa nyumba hii.

Baridi ikaingia. Rojo likawa linalala tu ndani ya sufuria, linatutazama. Nawe unajua mkate wa kumimina ulivyo: mchele, tui la nazi, hamira, iliki, sukari, na subira. Rojo likifura, mkate unakuwa mwepesi wenye vitundu ndani. Likikataa, unapata tofali la sukari. Baba'ko akajaribu tanuri, likapika pembeni. Akajaribu kuweka karibu na rejeta ya sebuleni, lile bati la ukutani linalopasha chumba joto, lakini mwenye nyumba anawasha yeye mashine kwa saa anazotaka yeye. Siku moja nilimkuta amelala na sufuria kitandani upande wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini yeye hakucheka.

Hakucheka kwa sababu mkate ule ndio ulikuwa kazi yake. Mgongo ulishamwisha ghalani, kwa kunyanyua mizigo ya ndege miaka nenda miaka rudi, na daktari alishamwambia basi, ukirudi kunyanyua hutasimama tena. Kilichobaki ni mkahawa wa Bi Thuwaiba pale Edgware Road. Yeye ndiye aliyekuwa akichukua mikate yote, na hasa Ramadhani. Mwanamke yule si mtu wa kuzunguka maneno. Akanipigia simu mimi, siyo baba'ko, kwa heshima.

"Mwenzangu," aliniambia, "mumeo simkatai, mkono wake naujua. Lakini wageni wangu wanatoka Maskati na mama zao, wanaujua mkate. Ramadhani hiyo inakuja. Akiniletea tena huu uliolala, nitamtafuta mwengine, na usinilaumu."

Sikumlaumu. Nilimweleza baba'ko. Alipanda juu, akatoa koti lake la manjano la ghalani, akalitundika karibu na mlango. Wewe ukaliona ulipotoka skuli. Barua ya chuo cha Sheffield ya kukupokea ilikuwa imeshafika, iko juu ya friji haijajibiwa. Ukasema, kwa kile Kizungu chako cha polepole unachotumia ukiwa hutaki kubishiwa: "Baba akirudi ghalani, mimi siendi popote. Nitaingia kazi uwanja wa ndege."

Ah, Sabra! Nilikupigia makelele siku ile mpaka jirani akagonga ukuta. Ulidhani nimekasirika kwa sababu umenivunjia heshima. Sivyo. Nilikasirika kwa sababu nilijua unasema kweli, na kwamba ukishasema umesema, tabia hiyo umeirithi kwangu. Mgongo wa baba'ko na safari yako vilikuwa ndani ya sufuria moja, na sufuria lile lilikuwa baridi.

Ndipo nikasema nitatengeneza sanduku la kuumulia. Yapo madukani, ndiyo, ila ni ya watu wanaooka mkate mmoja Jumapili. Sufuria la baba'ko haliingii hata ukilisukuma kwa goti. Nikachukua lile boksi kubwa la plastiki la nguo za baridi. Nikatafuta pedi za kupasha joto, zile za umeme mdogo wanazouziwa watu wanaofuga mijusi ndani ya nyumba. Baba'ko aliposikia ni za mijusi alisoma bismillahi juu ya kila moja, kisha akataka kuona risiti kuhakikisha ni mpya. Kilichobaki kilikuwa bodi: chipu ndogo ya kufikiri, kipimajoto cha kuiambia hali ikoje, na transista ya kuwasha na kuzima zile pedi.

Hapo ndipo nilipovimba kichwa. Babu yako alikuwa fundi redio, mimi nimekulia chini ya meza yake, na kwa Bwana Harish pale Harrow sasa natengeneza simu za watu mchana kutwa. Nikajiona bodi nazijua kama kiganja changu. Nilikuwa nazijua kuzitibu, mwanangu. Kuzaa ni jambo jengine.

Nilichora kwenye kompyuta kwa ile programu ya bure uliyonionyesha. Kiwanda cha China kinachapisha kwa bei ya maji mradi bodi isizidi ukubwa wa kiganja, kwa hivyo nilikuwa nabana kila njia ya shaba kama mtu anayepanga samani chumba kimoja. Kila kipande nilikiuliza, wewe una kazi gani humu? Kikijikanyaga kujibu, nakitoa. Raha ile sijawahi kuipata, nakwambia kweli. Nilikuwa naamka naiwaza.

Kifurushi kilipofika niliita watu. Baba'ko kwenye kiti, wewe umesimama, mimi na mkasi. Nikatoa bodi, kijani, inang'aa, jina lako nimeliandika pembeni kwa herufi ndogo. Nikachukua chipu niitie mahali pake. Haikukaa. Yaani miguu inakaa, lakini kila mguu uko kwenye njia ya mwenziwe, umeme unaingia pale unapopaswa kutoka. Nikaigeuza, nikaitazama, nikahisi damu inanipanda mpaka kwenye nywele.

Nilikuwa nimeichora kinyume, kama mtu aliyejitazama kwenye kioo. Na sababu ninaijua mimi na mafundi wote waliokulia kama mimi. Maisha yangu yote nimetazama bodi kwa chini, upande wa risasi inayoyeyushwa kushikiza vipande, kwa kuwa ndiko fundi anakochomelea. Redio ikija mezani kwa babu yako tunaipindua kwanza, ndipo tunasalimiana. Kompyuta yenyewe inachora kwa juu. Mkono ukachora kile jicho lilichozoea.

Baba'ko, Mungu amrehemu huko jikoni angali hai, aliuliza taratibu: "Haiwezi kutiwa chipu miguu juu?"

Wewe ulicheka mpaka ukalia. Mimi nilikwenda msalani nikafunga mlango, nikalia kweli. Hilo hukulijua. Nililia kwa aibu, na kwa sababu mwezi wa Rajabu ulikuwa unakwisha, Ramadhani imebaki mwezi mmoja tu. Kisha nikanawa uso, nikatoka, nikakuta wewe umeshashika waya nyembamba na unajaribu kuifunga ile chipu kichwa chini, miguu hewani, kama mdudu aliyekufa. Tukaichomelea hivyo. Sura yake ilikuwa mbaya, lakini ikawaka! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, babu yako alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nachoka kusikia. Siku ile nililisema mwenyewe kwa sauti.

Bodi ya pili ilichorwa sawasawa, mimi nikachora, wewe ukakagua kwa juu. Tukaibandika juu ya mfuniko wa boksi, nadhifu, kila kitu pahala pamoja, kipimajoto humo humo kwenye bodi ili tusinunue waya. Nilijisifu kwa ule ubahili. Baba'ko akatia sufuria, akafunga boksi, kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: akalifunika kanga. Siyo sufuria tu, boksi zima, na bodi juu yake. Juu ya kanga akatia blanketi. Rojo halionwi, anasema, likitazamwa tazamwa linaona haya. Mama yake alimfundisha hivyo na hakuna mtu wa kumwachisha.

Asubuhi rojo lilikuwa limelala. Usiku wa pili pia. Nikalaumu hamira, akabadilisha hamira. Nikalaumu mchele. Nikaanza kumlaumu yeye, na huo ndio wakati nilipokuwa mkali nyumbani humu kuliko nilivyopenda. Bwana Harish nilipomweleza, alisema kwa kile Kiswahili chake cha Mombasa, "Bi Mkubwa, kikulacho ki nguoni mwako. Hebu tizama hiyo nguo." Alisema kweli. Kwenye bodi kulikuwa na kipande kinachopunguza nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye chipu, nacho kilikuwa kinapata moto. Bila kanga joto lake lingekwenda zake. Chini ya kanga na blanketi lilikuwa halina pa kutokea, na kipimajoto kilikuwa jirani yake. Basi kilikuwa kinapima joto la bodi yenyewe, kinaiambia chipu, "Humu kuna moto tayari, zima!" Pedi zinazima. Rojo chini linatetemeka.

Nikarudi nyumbani nimeshinda, au ndivyo nilivyodhani. Nikamwambia baba'ko: "Tatizo ni kanga yako. Kuanzia leo usifunike."

Alinitazama. Hakubisha, unamjua hagombani, ila aliikunja ile kanga polepole akaipeleka juu kama anayepeleka mtoto kulala. Usiku ule hatukufunika. Pedi ziliwaka, kipimajoto kikasema kweli, rojo likafura. Lakini joto kavu lilikuwa limelikausha juu, likafanya ngozi kama ya uji uliosahauliwa, na mkate ukatoka umepasuka katikati. Akaula mwenyewe kipande kimoja. Akasema, "Si mbaya," na ile si mbaya yake ilinikata maini.

Nikataka kuongeza. Nikaanza kuchora bodi ya tatu yenye kipima unyevu, na feni ndogo, na kikombe cha maji ya mvuke, na kioo cha kuonyesha namba. Bodi ikawa kubwa kuliko kiganja, kuliko viganja viwili. Wewe ulikuja ukasimama nyuma yangu unakula tufaha. Nakumbuka ulivyotafuna, nilitaka kukuzaba. Ukasema, "Mama, mbona unamchorea mtu asiyekaa nyumba hii?"

Nikakwambia nenda ukasome.

"Anayekaa nyumba hii," ukasema, "anafunika kanga."

Hukukaa hata kuona ulichokifanya, ulipanda juu na tufaha lako. Mimi nilibaki na kipanya cha kompyuta mkononi. Nilikuwa nimemwambia mtu aliyepika mkate miaka yote abadilishe mkono wake kwa ajili ya kibao nilichokianza juzi. Kule kwa babu yako, mzee akileta redio aliyoizoea kuipiga kofi ndipo isikike, babu alikuwa akiitengeneza iendelee kuitika kofi. Nililiona hilo kwa macho yangu utotoni, nikacheka, na nikalisahau mpaka uliponikumbusha wewe ambaye hata hujapata kumwona.

Nikafuta yote. Nikaanza upya, na safari hii nikaitia kanga ndani ya hesabu kama kipande kingine cha bodi. Nikaiuliza kama ninavyoviuliza vingine: wewe una kazi gani humu? Na Sabra, kanga ilikuwa na majibu kuliko vyote! Inazuia joto lisitoke, kwa hivyo pedi moja inatosha. Inazuia rojo lisikauke, kwa hivyo feni, mvuke na kipima unyevu, vyote vya nini? Pedi ikiwa moja, umeme unaohitajika ni mdogo tu, kiasi cha chaja ya simu. Na chaja za simu! Kwa Bwana Harish kuna droo haifungi kwa wingi wake. Chaja ya simu inatoa umeme ule ule ambao chipu inautaka, kwa hivyo kile kipande cha kupunguza nguvu, kile kilichokuwa kinapata moto na kutudanganya, hakihitajiki kabisa. Nikakitoa. Nilikifuta kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, nikapiga kigelegele peke yangu, mbwa wa jirani akabweka.

Kipimajoto nikakitoa kwenye bodi nikakitia mwisho wa waya, kiingie chini ya kanga kikae ubavuni mwa sufuria. Bodi yenyewe ikaenda ukutani, mbali na joto. Kioo cha namba ulikiua wewe. Ulimwuliza baba'ko anataka kujua nini, akasema, "Mimi nataka kujua limo salama au halimo." Basi taa moja ya kijani. Bodi ikawa ndogo kuliko kadi ya basi, na vipande vyake unaweza kuvishika vyote kwenye kiganja na bado ukafunga ngumi. Nilianza nikidhani bodi rahisi ni ile uliyoibania vitu. Kumbe ni ile iliyotazama nini kipo tayari ndani ya nyumba ya mtu.

Haya, sehemu ninayoipenda. Bodi hiyo ilifika siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na wewe ukaichomelea mwenyewe, mimi nimekushikia taa. Baba'ko akatia sufuria. Akapanda juu, akarudi na kanga. Alinitazama mlangoni kama mtoto anayeomba ruhusa, nikamwambia, "Funika, bwana wangu, funika na blanketi." Akafunika. Taa ya kijani ikawaka ukutani.

Asubuhi nilisikia ukelele nikadhani kaanguka na mgongo wake. Nikashuka mbio bila viatu. Amesimama katikati ya jikoni, kanga mkononi, anapiga kelele, "Limefura! Limefura! Limetoka nje!" Na kweli, lilikuwa limepanda ukingoni likamwagika kidogo kwenye boksi, jeupe, limejaa mapovu. Wewe ukashuka na nywele zako zimesimama, ukalitazama, halafu ukanitazama mimi. Ukanikumbatia kwa nguvu, wewe ambaye tangu ulipoingia sekondari ulikuwa unanikumbatia kwa bega moja.

Tulikwenda sote watatu kumpelekea Bi Thuwaiba, mkate mapajani mwa baba'ko ndani ya treni mpaka Paddington, kisha kwa miguu. Alichukua kisu akaukata katikati, akakishika kipande mbele ya dirisha akatazama vitundu vyake kama anayekagua kitambaa cha harusi. Akala. Akakata kingine akala. Baba'ko alikuwa haonyeshi, lakini mimi nilimwona mguu unavyocheza.

"Ramadhani yote," alisema Bi Thuwaiba. "Kila siku. Na Sikukuu uniletee maradufu." Kisha akanigeukia mimi: "Mwenzangu, umemfanya nini huyu?"

Nikasema, "Nimemwachia kanga yake."

Koti la manjano baba'ko alilitoa sadaka siku ile ile tuliporudi, na barua ya Sheffield ukaijibu kabla ya futari ya kwanza. Ramadhani ile nyumba yetu ilikuwa kama kiwanda, na kila mkate ulisimama. Alipokuja Mama Furaha, yule Mkongo wa mtaa wa pili, kuulizia siri ya baba'ko kwa ajili ya maandazi yake, wewe hukumwambia anunue boksi kama letu. Ulimwuliza kwanza, "Unga wako unaufunika na nini?" Akasema blanketi la mtoto. Ukamtengenezea bodi yake, waya umeupima kwa blanketi la mtoto. Nilikuwa nasikiliza ngazini. Nikasema moyoni, huyu ameshakuwa fundi, kilichobaki ni kumpa cheti tu. Sasa taa zile za kijani ziko jikoni kwa watu Hayes na Harrow, nikipita na basi nazijua nyumba zenyewe, na nasema kwa majivuno kabisa, Mungu anisamehe.

Sasa nije kwenye lile lililonikalisha kuandika.

Wiki iliyopita uliniambia unafikiri kuahirisha chuo mwaka mmoja. Ulisema kwa upole, unaosha vyombo, umenipa mgongo. Ukasema, bodi zikiharibika nani atazitengeneza, wewe Mama uko kazini mchana kutwa, na Baba hawezi kushika hata bisibisi. Nilikujibu tutazungumza. Sikukujibu zaidi kwa sababu nilikuwa na kitu nimekificha, na baba'ko alikuwa ameniapisha nisikiseme. Kiapo sikishiki vizuri siku hizi. Nakisema.

Siku ile ulipokwenda kulala kwa rafiki yako, taa ya kijani ukutani ilizimika. Baba'ko alikuwa ameshatia rojo, la harusi ya watu, sufuria kubwa. Mimi nilikuwa njiani natoka kazini. Nilipoingia nilimkuta meza imejaa vitu vyangu, miwani yangu ya kusomea iko puani mwake, pasi ya kuchomelea mkononi, ulimi umemtoka pembeni. Alikuwa ameivuta bodi ukutani na ameipindua. Waya wa kipimajoto ulikuwa umeng'oka na pete ya shaba inayoushika kwenye bodi umeondoka nayo, kwa hivyo haikuwa kazi ya kugusa tu na risasi. Ilibidi kuikwangua njia ya shaba mbele yake na kuiunganisha kwa kipande cha waya. Nilisimama mlangoni na begi langu begani. Mikono yangu ilikuwa inawasha kuingilia. Nilijizuia, na nakwambia kuchora bodi tatu ilikuwa rahisi kuliko kusimama pale.

Alijiunguza kidole akasema neno ambalo sitaliandika. Akapuliza. Akajaribu tena. Risasi ikakaa nene, mbaya, kama tone la uji. Akachomeka chaja, na taa ikawaka kijani.

Hakuona kuwa nipo. Aliirudisha ukutani, akainamia boksi, akalipanga blanketi lake vizuri, akasema peke yake, "Haya, Sabra, nenda." Hakuwa anasema na rojo, Sabra. Ndipo nikajikohoza, na yeye akaona aibu, akaniapisha. Alisema ukijua utadhani hatukutaki. Mimi nasema ukijua utaondoka vizuri, na mimi nakujua zaidi kwa kuwa nimekuzaa.

Rojo lilifura. Mkate ulikwenda harusini, ukaliwa ukaisha. Mimi nilikuwa nimeshika simu muda wote ule na namba yako imeshatoka kwenye kioo, na sikuibonyeza. Siku ile hatukukuhitaji. Isome tena kama imekuuma, nami iliniuma nikiiandika. Kila nilichokichora na kukikosea na kukichora tena nilikuwa nakitafutia siku ile moja, na imekuja, na tumeipata kabla hujaondoka.

Kesho pale stesheni, treni ikianza kusogea, usigeuke kutazama kama tunalia. Tutalia, na baba'ko atanizidi. Panda, kaa, fungua mkate wako, ule. Sisi tumeshashinda.

Mama'ko anayekupenda na kukuonea fahari mpaka kifua kinamuuma